Kusafisha Kwanza, Kuunga Baadaye

Habari za uhandisi jeni husimuliwa kwa kawaida kuanzia siku DNA ilipokatwa na kuungwa upya. Tunatajiwa vimeng'enya vya kukata, tunatajiwa vya kuunga, kisha tunaonyeshwa bakteria wanaotengeneza insulini ya binadamu. Hiyo ni nusu ya habari. Ukiponda seli, unachopata ni mchanganyiko wa protini, mafuta, sukari na chumvi, pamoja na vimeng'enya vinavyoitafuna DNA yenyewe unayoitafuta. Humo hakuna kitakachokatika vizuri wala kuungika. Anayetaka kupika wali hupeta na kuchagua mchele kwanza, na katika kazi hii pia kila hatua kubwa ya kuunga jeni ilisubiri mtu agundue namna mpya ya kusafisha. Waliosafisha wametajwa kidogo mno, na sura hii ni yao zaidi kuliko ya wale waliounga.

Wa kwanza wao ni Friedrich Miescher, aliyezaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1844. Masikio yake yalikuwa mazito, akaona udaktari wa kusikiliza vifua vya wagonjwa utamshinda, akachagua maabara. Mwaka 1868 alikwenda Tübingen, Ujerumani, kwa mwalimu wake Felix Hoppe-Seyler, aliyekuwa na maabara ndani ya ngome ya kale iliyo juu ya mji. Chumba alichopewa Miescher kilikuwa jiko la zamani la ngome hiyo. Alitaka kujua seli imeundwa na nini, na seli rahisi kupatikana kwa wingi zilikuwa chembe nyeupe za damu, ambazo hujazana kwenye usaha. Akawa analetewa bandeji zilizotumika kutoka kliniki ya upasuaji ya mji huo. Wakati ule dawa za kuzuia vidonda visioze hazijaenea, kwa hiyo usaha haukuwa haba.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Kwanza alizitenga bandeji zilizokwisha kuoza. Zilizobaki alizisuuza kwa maji yenye chumvi ya sodiamu salfeti, baada ya kuona kwamba chumvi nyingine zilizifanya seli zivimbe na kugeuka utelezi. Kisha akachukua tumbo la nguruwe, akatoa ndani yake pepsini, kile kimeng'enya kinachomeng'enya nyama tumboni, akakimimina juu ya zile seli ili kile protini. Protini zikaliwa, viini vya seli vikabaki na kutuama chini ya chombo. Akavitia magadi, kilichomo kikayeyuka. Akatia asidi, kikaganda tena kuwa nyuzinyuzi nyeupe. Dutu hiyo haikumeng'enywa na pepsini kama protini, na ilikuwa na fosforasi nyingi kuliko alivyotarajia. Akaiita nukleini kwa kuwa imetoka kwenye kiini. Hoppe-Seyler hakuridhika mpaka aliporudia majaribio hayo mwenyewe, na makala ya Miescher ikachapishwa mwaka 1871. DNA ilikuwa imetolewa ndani ya seli kwa mara ya kwanza, zaidi ya miaka 80 kabla ya James Watson na Francis Crick kueleza umbo lake.

Aliporudi Basel, Miescher aliacha usaha akageukia samaki aina ya salmoni wa mto Rhine, ambao mbegu zao za kiume karibu zote ni kiini. Alifanya kazi hiyo kwenye vyumba vya baridi kali visivyowashwa moto, kwa sababu alitambua kwamba joto huiharibu dutu yake. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1895, akiwa na miaka 51. Ndoo ya barafu unayoiona leo juu ya meza ya kila maabara ya jeni ina sababu ileile ya vyumba vyake vya baridi.

Kwa nini nasisitiza usafi? Tazama yaliyompata Oswald Avery. Mwaka 1944, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, Avery pamoja na Colin MacLeod na Maclyn McCarty walionyesha kwamba DNA iliyotolewa kwa bakteria wa nimonia wenye ganda inaweza kuwageuza bakteria wasio na ganda wawe nalo, na watoto wao pia. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba urithi umo ndani ya DNA. Lakini wakosoaji, na wa mbele akiwa Alfred Mirsky wa taasisi hiyohiyo, walisema: mnajuaje kama hamkubakiza protini kidogo humo? Huenda hiyo ndiyo inayofanya kazi. Ubishi mkubwa kuliko wote katika biolojia ya karne ile ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ubishi kuhusu uchafu uliobaki ndani ya kichupa.

Jibu la watu wa maabara kwa tatizo la protini lilikuja katika miaka ya 1950, wakati K. S. Kirby wa London alipoleta njia ya fenoli. Fenoli ndiyo asidi ya kaboliki, dutu iliyoipa sabuni ya kaboliki jina na harufu yake. Ukiitikisa pamoja na seli zilizopondwa, kisha ukauzungusha mchanganyiko huo kwa kasi ndani ya mashine, hugawanyika. Fenoli hukaa chini, maji yenye DNA hukaa juu, na katikati hutokea utando mweupe wa protini zilizoharibika. Unavuta maji ya juu taratibu kwa pipeti bila kuugusa utando, unatia alkoholi baridi, na DNA inajitokeza mbele ya macho yako kama uzi wa kamasi. Njia hii ilitawala kwa zaidi ya miaka thelathini. Ubaya wake ni kwamba fenoli huunguza ngozi na ni sumu, na vizazi vya wanafunzi walioitumia wanaujua ukali wake.

Sasa nije kwenye kisa ambacho wafugaji wetu wana haki ya kukijua. Katika nchi zenye mbung'o, au ndorobo kama wengine wanavyomwita, ng'ombe huuawa na nagana, ugonjwa unaoletwa na vijidudu vya tripanosoma. Mwaka 1952 wanakemia wa Uingereza, Watkins na Woolfe, walitangaza dawa mpya ya ugonjwa huo, rangi nyekundu iitwayo etidiamu bromidi, ambayo madaktari wa mifugo huiita homidiamu. Ng'ombe wa Afrika wamedungwa dawa hiyo kwa miaka mingi, na Samorin, ambayo wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wanaifahamu, imeundwa kwa kuunganisha kiini cha homidiamu na sehemu ya dawa nyingine ya nagana. Homidiamu humdhuru mdudu kwa kujipenyeza ndani ya DNA yake: molekuli ya rangi ni bapa, nayo huingia katikati ya ngazi mbili za DNA na kukaa humo.

Tabia hiyohiyo ndiyo iliyoipeleka maabara. Etidiamu iliyojificha ndani ya DNA hung'aa rangi ya chungwa ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, kwa hiyo DNA isiyoonekana kwa macho huonekana. Mwaka 1967 Roger Radloff, William Bauer na Jerome Vinograd wa California waliitumia kwa namna ya werevu mkubwa. Walitaka kutenganisha DNA ya mviringo, iliyofungwa pande zote, na DNA ndefu yenye ncha. Rangi inapoingia, DNA hulazimika kujinyoosha na kujifungua msokoto wake. Yenye ncha hujifungua bila kizuizi, ikapokea rangi nyingi na kuwa nyepesi. Ya mviringo haina pa kujifungulia, ikapokea rangi kidogo na kubaki nzito. Ukizitia zote kwenye maji mazito ya siziamu kloridi na kuzizungusha kwa kasi kubwa mno, kwa muda unaoweza kufika siku mbili, hujipanga katika kanda mbili za chungwa. Ya chini ndiyo ya mviringo. Fundi hutoboa ubavu wa kichupa kwa sindano chini kidogo ya kanda hiyo na kuivuta taratibu.

Njia hiyo ilifungua mlango kwa sababu bakteria hubeba vipande vidogo vya DNA ya mviringo vinavyoitwa plasmidi, ambavyo hujizalisha vyenyewe ndani ya seli. Plasmidi ndiyo chombo kilichokuja kubeba jeni za kigeni. Bila kanda ile ya chungwa, hakuna ambaye angeipata ikiwa safi kiasi cha kuikata.

Ilibaki namna ya kuona kama kweli imekatika. Mwaka 1973, katika maabara ya Cold Spring Harbor, Phillip Sharp, Bill Sugden na Joe Sambrook waliunganisha rangi ya ng'ombe na dutu itokanayo na mwani. Agarosi hutolewa kwenye agari ya mwani mwekundu kama Gelidium na Gracilaria. (Mwani unaolimwa Unguja na Pemba hutoa karajini, ambayo ni ndugu yake, lakini si ileile.) Ikichemshwa na kupoa, agarosi huganda kuwa bamba laini lenye matundu madogo sana. Umeme ukipitishwa, DNA, yenye chaji hasi, hukimbilia upande chanya. Vipande vifupi hupenya upesi, virefu huchelewa. Ukilimulika bamba lenye etidiamu, unaviona vipande vimejipanga kwa urefu. Kazi ambayo awali ilitaka mashine ya bei kubwa sasa ilimalizika kwa saa chache juu ya meza ya kawaida.

Nimesimulia usafi kwa urefu makusudi, maana sasa habari ya kuunga itakwenda kwa haraka, na ndivyo ilivyokwenda kwa kweli. Mwaka 1967 maabara kadhaa za Marekani ziligundua karibu kwa wakati mmoja kimeng'enya kinachoitwa ligesi, ambacho seli hukitumia kuziba nyufa kwenye DNA yake. Aina yake moja, inayotokana na kirusi T4 kinachoshambulia bakteria, ndiyo iliyopendwa zaidi na bado inatumika kila siku. Mwaka 1970 Hamilton Smith na Kent Wilcox walisafisha kimeng'enya kinachokata DNA mahali maalumu tu, penye mpangilio fulani wa herufi. Kisha Herbert Boyer wa San Francisco na wenzake wakapata kingine, EcoRI, kinachotafuta herufi GAATTC.

Paul Berg wa Stanford, pamoja na David Jackson na Robert Symons, walikuwa wa kwanza kuchapisha, mwaka 1972, habari ya kuunga DNA za viumbe wawili tofauti: kirusi cha nyani na kirusi cha bakteria. Lakini njia yao ilikuwa ndefu. Iliwabidi waongeze kwa mkono mkia wa herufi A kwenye kipande kimoja na mkia wa T kwenye kingine, ili mikia ishikane. Mwaka huohuo Janet Mertz, mwanafunzi katika maabara ya Berg, na Ronald Davis waligundua kwamba taabu hiyo haihitajiki. EcoRI haikati nyuzi mbili za DNA sambamba. Hukata uzi mmoja huku na mwingine kule, ikaacha kila ncha na mkia mfupi wa herufi nne, AATT. Ncha yoyote iliyokatwa na EcoRI inaweza kushikana na ncha nyingine yoyote iliyokatwa nayo, iwe ya chura, ya binadamu au ya bakteria. Ugunduzi huo, kwa maoni yangu, una uzito sawa na kazi ya Berg iliyopewa Tuzo ya Nobel.

Ndipo mikono ikakutana. Novemba 1972, Stanley Cohen wa Stanford, aliyekuwa bingwa wa plasmidi, alikutana na Boyer kwenye mkutano Honolulu, Hawaii, na wakapanga kazi ya pamoja huku wakila kitu cha usiku karibu na ufukwe wa Waikiki. Cohen alikuwa na plasmidi pSC101, ambayo EcoRI huikata mahali pamoja tu na ambayo huwapa bakteria uwezo wa kuhimili tetrasaikilini. Annie Chang, aliyefanya kazi kwa Cohen lakini akiishi San Francisco, ndiye aliyebeba sampuli kwa gari lake kati ya maabara hizo mbili. Mwaka 1973 walichapisha, pamoja na Robert Helling, kwamba wameunga DNA mbili, wameiingiza kwa bakteria, na bakteria wameizalisha. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa jeni ya Xenopus, chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika.

Ukitaka kujua kuunga kunafananaje kwa mtu aliyesimama mezani, fikiria jotoridi. Ligesi ya T4 hufanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye joto la mwili. Lakini herufi nne za AATT hushikana kwa udhaifu mno. Kwenye joto hilo ncha huachana kabla ligesi haijafika. Ukipoza sana, ncha hutulia lakini ligesi husinzia. Mafundi wakachagua katikati: nyuzi 16 za Selsiasi, usiku kucha. Na hapa usafi unarudi tena. Fenoli kidogo au chumvi nyingi ikisalia ndani ya kichupa, ligesi hushindwa, na asubuhi huna kitu.

Vyuo vya Stanford na California viliomba hataza ya njia ya Cohen na Boyer mwaka 1974, ikatolewa tarehe 2 Desemba 1980. Hadi ilipoisha mwaka 1997, kampuni 468 zilikuwa zimelipia leseni, na mapato yalikuwa takriban dola milioni 255. Majina ya wavumbuzi yaliyoandikwa ni mawili tu. Mertz hayumo, Chang hayumo, Helling hayumo. Sheria ya hataza ina vigezo vyake, lakini historia haifungwi nayo, na msomaji ayashike majina hayo matatu.

Matunda yalifika upesi. Boyer na Robert Swanson walianzisha Genentech mwaka 1976, na insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria iliruhusiwa Marekani mwaka 1982. Kabla ya hapo mgonjwa wa kisukari alitegemea kongosho za ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni. Mwaka 1986 ikafuata chanjo ya homa ya ini B iliyotengenezwa kwa hamira. Mtoto anayechomwa pentavalenti, chanjo iliyo na hiyo ya homa ya ini B ndani yake, pajani akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwenye kliniki ya Kisumu au ya Kigoma, hupokea ndani yake kazi ya ligesi.

Lakini kazi ya kusafisha ilibaki ngumu kwa hospitali. Nani angemwaga fenoli kwa sampuli mia za damu kila siku? Dokezo lilitoka mwaka 1979, wakati Bert Vogelstein na David Gillespie walipoonyesha kwamba DNA hunata kwenye unga wa kioo ikiwa maji yake yana chumvi fulani nyingi. Mwaka 1990 René Boom na wenzake wa Amsterdam waliikamilisha njia hiyo. Walitumia guanidini thiosianati, chumvi ambayo peke yake hufanya kazi tatu: hupasua seli, huua vimeng'enya vinavyokula DNA na RNA, na huivua DNA maji yanayoizunguka mpaka ikanata kwenye chembe za silika. Silika ni madini ya mchanga na kioo. Boom alitumia hata maganda ya diatomu, viumbe vidogo vya majini vyenye ganda la silika. Unaosha kwa alkoholi, uchafu unaondoka na DNA inabaki. Unatia maji matupu ya moto kiasi, DNA inaachia. Sampuli za damu na mkojo zilisafishwa kwa muda usiofika saa moja, bila fenoli.

Kampuni zikaigeuza njia hiyo kuwa vichupa vyenye kichujio cha silika ndani, vinavyouzwa vikiwa tayari kwenye boksi, na maabara karibu zote duniani zikavizoea. Huku nyuma kuunga nako kukasonga. Mwaka 2008 Carola Engler, Romy Kandzia na Sylvestre Marillonnet wa Halle, Ujerumani, walieleza namna ya kutumia kimeng'enya kinachokata pembeni ya alama yake, ili alama ipotee na vipande vingi viungane kwa mpangilio ndani ya kichupa kimoja. Mwaka 2009 Daniel Gibson wa Taasisi ya J. Craig Venter aliweka vimeng'enya vitatu pamoja kwa nyuzi 50: kimoja hutafuna ncha mpaka herufi zinazofanana zifunuke, kingine hujaza mapengo, ligesi huziba. Kile cha kutafuna huharibiwa polepole na joto hilohilo, kikaacha kazi wakati wenzake wanaimalizia. Kundi lake pia lilijenga jenomu nzima ya bakteria, yenye jozi za herufi zaidi ya milioni moja, na mwaka 2010 likaiweka ndani ya seli ikafanya kazi.

Halafu ukaja mwaka 2020. Vipimo vya korona vilihitaji kwanza RNA ya kirusi isafishwe, na vichupa vya silika vikaadimika dunia nzima. Nchi zilizokuwa na viwanda na fedha zilijihudumia kwanza, na Afrika ikakaa nyuma ya foleni. Kilichokosekana hakikuwa elimu ya hali ya juu. Zilikosekana chumvi, silika na plastiki, kwa njia iliyochapishwa hadharani miaka 30 nyuma. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kundi la watafiti lililomjumuisha Tim Hore wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, lilikuwa limechapisha bure maelekezo ya kujitengenezea chembe za silika zenye sumaku na vimiminika vyake vyote, kwa gharama ndogo sana kuliko ya boksi la dukani.

Ninawaomba wakuu wa idara za biolojia na biokemia katika vyuo vyetu, Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Dodoma na kwingineko: mfundisheni kila mwanafunzi kutengeneza kimiminika cha Boom kwa mikono yake kabla hajafungua boksi la kampuni. Mahitaji yake ni machache: guanidini thiosianati, Tris, EDTA, Triton na silika. Akishaelewa kila kimoja kinafanya nini, hatakwama siku boksi lisipofika. Onyo ni moja, nalo lipewe uzito wake: masalia ya guanidini thiosianati yasimwagiwe jiki hata kidogo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi zenye sianidi, nazo huua.